Msiba wa Kerala Ulivyofika Buhongwa

Machibya alikuwa na kibanda umiza pale Buhongwa, akionyesha filamu za nje na kuzitafsiri mwenyewe kwa kipaza sauti. Lugha za India hakujua hata moja, lakini ngumi ni ngumi na mapenzi ni mapenzi. Palipobaki wazi alijaza.

Safari hii aliletewa filamu ya Kimalayalam, ya Kerala, kusini kabisa mwa India. Akaitazama peke yake, akachoka. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyecheza mlimani. Mzee amekufa, mvua inanyesha, ndugu wanakula samaki kwa muhogo na kununiana.

Akaenda kwa Kanubhai, muuza vitambaa.

"Shikamoo, mzee. Hawa wanasema nini?"

"Marahaba. Nitajuaje? Mimi Mgujarati. Wewe unajua Kimakonde?"

"Sijui."

"Haya."

Jumamosi mchana kibanda kilijaa. Machibya hakuwa na ujanja. Alichukua msiba aliohudhuria Magu mwezi uliopita, akawamwagia wale Wamalayali wote. Kaka mkubwa akataka wachinje dume la ng'ombe. Mdogo akasema mzee mchoyo vile anatoshwa na mbuzi. Shangazi akaulizia shuka za marehemu, jeneza hata halijafungwa. Dorotea, muuza dagaa, alicheka mpaka akateleza kwenye benchi.

Kumbe Shimba alikuwemo, na yule marehemu wa Magu alikuwa baba yake. Akaja mbele taratibu.

"Unamsema baba yangu."

"Namsema Mhindi," Machibya akajibu.

"Mhindi gani ana shangazi yangu? Na hakuulizia shuka. Aliulizia godoro."

Akampokonya kipaza sauti. Machibya akakinga uso, akisubiri kofi. Halikuja. Shimba alikuwa ameganda mbele ya skrini, ambako kaka mkubwa alikaa peke yake barazani, mvua ikichuruzika, chakula hakijaguswa.

"Huyu hajanuna," Shimba akawaambia watu. "Huyu amechoka. Wamejaa kwake wanakula, hakuna aliyemuuliza amelala wapi."

Hakuna aliyecheka. Akaendelea kutafsiri hadi mwisho, pengine akikosea. Machibya akajibana benchini kama mteja.

Filamu ilipoisha hakuna aliyeinuka. Walibishana kama yule mdogo mtu asamehewe kwa kutomjali kaka yake au aachwe. Machibya akaweka filamu ya ngumi kuwachangamsha.

"Zima hiyo," Dorotea akamwambia. "Tunaongea."