Kiu Ndani ya Bendera

Uvumi ulianzia bombani, mahali ambapo maneno hujaa kabla ya ndoo. Muuza mkaa wa mtaa wa nyuma alisema kwamba mwaka jana, siku ya sherehe za taifa, mtoto mmoja alianguka katikati ya uwanja wakati watoto wa shule wamejipanga kuwa bendera. Hakuinuliwa. Wenzake wa kulia na kushoto walikiokota kibao chake cha rangi wakakishikilia juu yake, ili tundu lisionekane kutoka jukwaani. Wimbo ukaimbwa mpaka mwisho.

"Nani kakwambia?" aliuliza mama mmoja, mfagiaji wa barabara, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni.

"Unataka jina la mtu? Mimi nimeyaokota njiani kama wewe unavyookota makopo."

"Alikuwa mtoto wa nani?"

"Wa mtu, shoga yangu. Kila mtoto ni wa mtu."

Watu wakacheka kidogo, foleni ikasogea. Mfagiaji akajitwisha ndoo yake akaenda zake, lakini yale maneno yalimganda kama utomvu wa mgomba kwenye nguo nyeupe. Ukifua, unalitandaza tu doa. Maana binti yake naye alikuwa amechaguliwa kuwa kwenye bendera, na si pembeni. Aliwekwa kwenye nyota, pale katikati kabisa.

Binti huyo mtaani walimwita Kijiti kwa wembamba wake. Alizaliwa na selimundu. Daktari alimweleza mama mtu taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu: damu ya huyu ina chembe zinazojikunja kama mundu, maji yakipungua mwilini zinakwama njiani, na zikikwama ndiyo hayo maumivu unayoyaona. "Kwa hiyo, mama, kila siku maji. Asingoje kusikia kiu." Tangu siku hiyo Kijiti alitembea na chupa yenye kamba nyekundu shingoni. Watoto wenzake walimtania kwamba amevaa kengele ya mbuzi.

Baba yake alikwenda kutafuta kazi mbali, na hadi leo haijarudi kazi wala yeye. Walikuwa wawili tu katika chumba chao cha kupanga, na juu ya mlango mama alikuwa amebandika bendera ndogo ya karatasi. Hakulazimishwa na mtu. Nchi aliipenda kama mtu anavyopenda kitu anachokifagia kila siku.

Asubuhi ya sherehe alimvalisha binti yake sare. Viatu vyeupe vilikuwa vya kuazima kwa jirani, vikubwa, akavijaza magazeti. Bei ya vipya ilikuwa imepanda tangu shule zilipotangaza kwamba kila mtoto lazima avivae. Kisha akamkabidhi kikombe.

"Kunywa."

"Mwalimu amekataza."

"Amekataza nini?"

"Maji. Tangu jana jioni. Amesema anayekunywa atabanwa na mkojo, akibanwa atatoka, akitoka bendera itakuwa na tundu mbele ya Mheshimiwa."

Mama akakishusha kikombe. "Na yale niliyokupa jana kabla ya kulala?"

Kijiti akaangalia magazeti yaliyotokeza kwenye viatu. "Niliyamwaga uani."

"Ukayamwaga! Kwa nini, mwanangu?"

"Si wewe umeniambia nimsikilize mwalimu?"

Kweli alimwambia. Alimwambia kila siku, tangu darasa la kwanza, akimfunga vifungo vya shati: msikilize mwalimu. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba na alijua bei ya kutokusikiliza.

"Basi leo huendi."

Mtoto akaanza kulia bila sauti, machozi tu. "Mwalimu ametuambia asiyefika asirudishe sura yake shuleni. Halafu mimi ndiye ncha ya nyota, mama. Ncha ya juu. Sijawahi kuchaguliwa kitu."

Mama akakaa kitandani. Chumba chote kilikuwa kinamwambia amzuie, na uso ule mmoja tu ulikuwa unamwomba amwache aende. Akampa kikombe tena. Kijiti akanywa nusu, akakirudisha.

"Nenda na chupa yako. Mimi nitakuwemo uwanjani, tumeitwa kusafisha. Ukisikia kiungo kinauma, inua mkono."

"Nikiinua mkono nyota itaharibika."

"Iharibike!"

Uwanjani wafagiaji walipewa matambara na ndoo wapanguse viti vya jukwaa kuu. Kivuli cha jukwaa kilikuwa kimeongezwa kwa maturubai mapya. Meza zilitandikwa vitambaa vyeupe, na mbele ya kila kiti paliwekwa chupa za maji baridi, zinatoka jasho, na glasi iliyofunikwa kwa karatasi ili nzi asiitangulie midomo ya wakubwa.

"Pangusa hapo tena," alisema nyapara wao. "Leo tunaonwa na dunia nzima."

"Dunia nzima itakalia kiti hiki?" aliuliza mfagiaji.

"Mama, usinitafutie balaa. Wewe pangusa."

Alipomaliza, nyapara akampeleka lango la watoto. Pale palikuwa na kilima cha chupa. Kila mtoto aliyeingia alikuwa ameamriwa kuacha yake, na sasa wote walikuwa ndani, wamechuchumaa kwa mistari juu ya majani, vibao vya rangi mapajani.

"Ondoa uchafu huu," alisema nyapara. "Maji mwaga mtaroni, chupa tia kwenye viroba."

"Hizi zimejaa."

"Ndiyo maana nakwambia mwaga."

Akainama. Chupa ya kwanza, ya pili, na kabla hajafika mbali akaikuta ile yenye kamba nyekundu. Ilikuwa na maji mpaka shingoni. Kijiti hakugusa hata tone.

Mfagiaji akasimama nayo mkononi. Kisha akaenda bombani, akaisugua ndoo yake mpaka harufu ya sabuni ikaisha, akarudi. Akaanza kumimina maji ya watoto, chupa kwa chupa, ndani ya ndoo. Nyapara alikuwa ameshageuka kufokea wengine.

Mwalimu wa halaiki, yule aliyewapanga watoto na kuwakataza maji, alikuwa karibu na goli, filimbi mdomoni, shati limeloa mgongoni. Kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Habari za kazi, mwalimu."

"Mama, leo si siku ya wazazi."

"Naijua siku ya leo. Binti yangu ni mgonjwa, na hilo unalijua. Nipishe nimpe maji."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimemweka katikati, asipigwe na upepo." Aliyasema bila dhihaka, aliona kweli amemfanyia hisani. "Nikimruhusu mmoja, watataka wote. Juu yangu kuna afisa, juu ya afisa kuna mkuu, juu ya mkuu sijui, labda Mungu. Mwaka jana..."

"Mwaka jana kulitokea nini?"

Mwalimu akaitazama filimbi yake. "Mwaka jana bendera haikuwa na tundu," alisema, akaondoka.

Mama akabaki pale pale. Sasa haukuwa uvumi tena.

Vipaza sauti vikatangaza wafagiaji wote watoke nje, wasiharibu picha. Yeye akaibeba ndoo yake akasimama kwenye mdomo wa njia inayoingia uwanjani, penye askari wa zamu.

"Mama, hapa hapasimamwi."

"Nasubiri kufagia."

"Kufagia nini sasa hivi?"

"Hotuba. Zikishamwagika nani ataziokota?"

Askari akacheka akaziba mdomo kwa kiganja. "Simama nyuma ya ukuta basi. Wasikuone."

Mgeni rasmi alichelewa. Jua likapanda, likawa halina tena upande wa kuegemea. Alipofika, bendi ikapiga, filimbi ikalia, na watoto wakainua vibao kwa pamoja juu ya vichwa vyao. Mama alikuwa hajawahi kuiona. Uwanja mzima ukageuka bendera, rangi zimetulia kama zimepigwa pasi, na nyota katikati. Ilikuwa nzuri. Asingekuwa na mtoto ndani ya bendera ile angelia kwa furaha, na hata hivyo machozi yalimtoka.

Hotuba zikaanza. Mmoja akasema taifa ni watoto. Wa pili akasema watoto ni taifa, akanywa maji, akaendelea. Mikono ya watoto ikaanza kutetemeka pembezoni. Filimbi ikalia kwa ukali, mikono ikanyooka.

Ndipo ncha ya juu ya nyota ikayumba. Kibao kikashuka, kikapotea. Mama akafungua mdomo, lakini kabla hajatoa sauti, mikono miwili, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, ikakiinua tena. Ikakishikilia. Kutoka jukwaani nyota ilikuwa kamili. Hakuna aliyewaamuru. Ilionekana lilishafanyiwa mazoezi.

Akainua ndoo.

"Mama! Mama, rudi!" Askari alimshika nguo. "Utanifukuzisha kazi!"

"Sema nilikuzidi nguvu."

Akajinasua akaingia kwenye majani. Hakukimbia, maana maji yangemwagika. Alitembea kama anavyotembea kila siku kutoka bombani, shingo imenyooka, mbele ya dunia nzima, na sare yake ya kufagilia mwilini.

Alipoinama kuingia chini ya vibao alipigwa na joto kama la tanuri. Nyuso za watoto zilikuwa na vumbi na mistari ya jasho lililokauka.

"Mama Kijiti!" mmoja alinong'ona. "Yuko huku."

Kijiti alikuwa amelala ubavu, magoti kifuani, ameuma ukosi wa sare asipige kelele. Mama akakinyanyua kichwa chake, akachota maji kwa kikombe alichokuja nacho ndani ya ndoo.

"Mama, nenda," alisema mtoto, meno yameumana. "Tundu litaonekana."

"Kunywa."

"Nyota..."

"Kunywa, nimesema. Leo nisikilize mimi."

Akanywa. Akanywa tena, kwa pupa, maji yakimtiririka shingoni. Na watoto wa jirani wakawa wanatazama kikombe, si mama, kikombe.

"Mama, na mimi."

"Yenu haya," aliwaambia. "Ni ya chupa zenu. Pokezaneni."

Kikombe kikaenda mkono kwa mkono. Kila aliyekunywa alishusha kibao, akakiinua. Aliyemngoja akasogea, akarudi. Ndoo ikasukumwa kutoka kwenye nyota kwenda kwenye kijani, kutoka kijani kwenda pembeni. Filimbi ililia, ikalia, ikachoka. Bendera nzima ikaanza kucheza, mawimbi yakitoka katikati kwenda ukingoni.

Hotuba ikakatika. Kisha mshereheshaji akapata la kusema.

"Mabibi na mabwana! Tazameni! Bendera yetu inapepea!"

Uwanja ukalipuka. Watu walisimama, vigelegele, makofi, bendi ikarudia wimbo bila kuambiwa. Mheshimiwa mwenyewe alisimama akapiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa. Chini ya vibao, mama alisikia nchi yake ikishangilia kiu ya watoto, akaifunga kanga yake kiunoni kwa nguvu, akampakia binti yake mgongoni.

Watoto wawili wakanyoosha mikono tena kukishika kile kibao cha ncha.

"Acheni," aliwaambia. "Kila mtu ashike chake. Hapo paachwe wazi."

Akatoka na mtoto mgongoni, nyuma yake nyota haina ncha.

Kijiti alilazwa, akatundikiwa maji, maumivu yakamwachia taratibu. Mguu mmoja anauburuta mpaka leo. Gazeti la kesho yake lilikuwa na picha ya bendera ukurasa wa mbele, na nyota ilikuwa kamili; ncha imechorwa. Nyapara alimwita mama nyuma ya stoo, akamwomba arudishe sare. "Mimi binafsi nilipenda ulivyofanya," alisema, akiangalia pembeni. "Lakini unajua." Alijua. Aliirudisha ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi.

Shule nayo ikatangaza kwamba mwaka ujao bendera itapepea tena, kwa maombi ya wakubwa, na mazoezi yataanza mapema. Chupa zitaachwa langoni kama kawaida.

Siku moja bombani mama kijana, mgeni mtaani, alikuwa akijisifu kwamba mwanawe amechaguliwa. Mfagiaji asiye na ufagio tena akamhadithia yote, foleni nzima ikisikiliza, hata muuza mkaa.

"Nani kakwambia?" aliuliza yule mama kijana.

"Sikuambiwa. Nilikuwemo."

Basi wewe mzazi unayesoma haya, ambaye mwanao naye atachaguliwa na atarudi nyumbani anarukaruka kwa furaha, haya ndiyo ya kuepuka:

Usimfundishe mtoto kumsikiliza mwalimu peke yake. Mfundishe kuusikiliza na mwili wake.

Usiache chupa yake langoni.

Usidanganyike na kivuli cha jukwaa. Si cha watoto.

Usimpeleke mtoto mgonjwa kwa sababu tu amelia, hata akilia bila sauti.

Usiulize uvumi umetoka kwa nani. Uliza mtoto alikuwa wa nani.

Usiogope kuharibu picha, wataichora upya wenyewe.

Na usisubiri wimbo uishe.