Mkae Kama Kwenu

Werema alikuwa amepiga magoti bafuni, shavu karibu liguse ukuta, akibandika taili ya kijani kando ya nyeupe iliyomeguka pembe. Nyuma yake Edith alikalia kopo la rangi lililogeuzwa, karai la vipande miguuni, akimchagulia. Taili zile hazikuwa za boksi moja. Werema alikuwa fundi wa kuchomelea, na kila alipoitwa kufunga geti au grili kwenye nyumba mpya za Migori, alirudi jioni na mabaki ambayo mafundi wa pale walikuwa wametupa: nusu ya taili, robo, nyingine yenye ufa. Edith aliyaosha na kuyapanga kwa rangi.

"Hiyo ya samawati usiipeleke chini," alisema. "Iweke mahali macho yanafika."

"Macho ya nani? Mtu akioga si anafunga macho?"

"Weka tu."

Akaiweka, akaigonga kwa mpini wa mwiko mpaka ikalingana na nyingine.

Jumamosi zao zilikuwa za nyumba, Jumapili za kutembea. Ndivyo walivyoishi miaka minne. Baada ya kanisa walipanda pikipiki ya Werema, wakaenda Homa Bay kula samaki, au mbali zaidi, mpaka Simbi karibu na Kendu Bay, kuwaona heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, wamesimama kwa mguu mmoja ziwani. Edith alizaliwa upande ule. Werema alitoka Kehancha, kwa Wakuria, na tangu siku ya kwanza walipatana kwa Kiswahili, kila mmoja na lafudhi yake. Wakigombana, kila mtu alirudi kwa lugha ya mama yake, na ugomvi ukaisha kwa kukosa msikilizaji.

Hawakuwa na mtoto. Wanawake wa kanisani walipouliza, Edith alikuwa na jibu lake: "Bado tunajenga." Mwanzoni lilikuwa mzaha.

Nyumba yenyewe haikuwa yao. Walipoikuta hapo Oruba, mtaa wa Migori, ilikuwa vyumba vitatu vya matofali, sakafu ya udongo, madirisha yamezibwa kwa makaratasi ya plastiki, popo darini. Mwenyewe, mzee Mosoti, aliwaonyesha bila haya. "Kodi yangu ni ndogo kwa sababu mnaiona ilivyo," aliwaambia. "Itengenezeni, mkae kama kwenu." Wakapeana mikono. Wakamwaga sakafu wenyewe, Edith akibeba maji kutoka kisimani. Mwaka wa pili wakaweka dari na madirisha ya vyuma. Mwaka wa tatu Werema akafunga gata za kukinga maji ya mvua na kujenga mahali pa kukalia tangi, na Edith akapanda mboga za sukuma wiki na maua nyuma. Bafu ndilo lililokuwa limebaki.

"Hodi, wenye nyumba."

Ilikuwa sauti ya Austine, kijana aliyemwangalizia Mosoti nyumba zake. Edith alipotoka akijipangusa vumbi mikononi, alimkuta mlangoni na mwanamume aliyevaa shati lililopigwa pasi na mwanamke mwenye simu mkononi. Nje ya lango kulikuwa na gari safi.

"Hawa wanaangalia tu dakika mbili, mwalimu," Austine alisema, macho yake yakiwa sakafuni. Edith alifundisha chekechea kwa mkataba, na mtaa mzima ulimwita hivyo.

"Wanaangalia nini?"

Austine alisogea kando. Mwanamke aliingia polepole, akavua viatu mwenyewe alipoona sakafu inavyong'aa. Akapiga picha dari. Akapiga picha rafu za jikoni. Akafika bafuni, akasimama juu ya Werema aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Ai, hii ni nzuri. Fundi wenu anaitwa nani? Atamaliza lini?"

Werema alimtazama, simiti ikimkaukia vidoleni. "Kwa nini, mama?"

Yule mwanamke alimgeukia mume wake, mume akamgeukia Austine. Ndipo Austine akatoa bahasha mfukoni, imekunjika kwa jasho, akampa Edith. Barua ilikuwa ya mistari minne. Waliombwa kuihama nyumba kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa mwenyewe alikuwa na mpango mwingine nayo. Ilikuwa tarehe kumi na saba.

"Pole sana," mwanamke alisema, na ilionekana amesikitika kweli. "Tuliambiwa mmejulishwa."

Walipoondoka, Werema alinawa, akavaa shati. Edith alikwisha kushika helmeti.

Walianza kwa naibu wa chifu, aliyekuwa nyumbani kwake akinyolewa ndevu barazani. Aliwasikiliza bila kuinua kidevu.

"Mko na agreement?"

"Tulipatana kwa mdomo," Werema alisema.

"Mdomo wa nani na nani?"

"Wetu na wake."

"Sasa mimi nitauita mdomo uje kutoa ushahidi?" Kinyozi alicheka kidogo. Naibu wa chifu alifuta povu sikioni. "Sikilizeni. Mosoti ni mtu mzuri. Hata mabati ya ile ofisi yetu, yeye ndiye alitusaidia. Mwende muongee naye kama watu wazima. Kesi ya nyumba inaweza kula miaka, na nyinyi mko na siku kumi na tatu."

Wakaenda Homa Bay. Ilikuwa njia ileile ya Jumapili zao, wakipita matrela ya miwa Awendo, kisha Rongo, kisha kuteremka kuelekea ziwani. Siku nyingine Edith angemgonga Werema begani amwonyeshe kitu. Leo alishika chuma cha nyuma tu.

Mosoti aliwapokea vizuri. Hilo ndilo Edith alilolikumbuka zaidi baadaye, jinsi alivyowapokea vizuri. Alikuwa ameketi nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi, mzee mnene mwenye sauti ya upole, akaagiza soda mbili kabla hawajaketi.

"Mwalimu, umekonda. Werema, mkono wako bado una simiti. Jumamosi, si ndiyo? Najua nyinyi na Jumamosi."

"Mzee, tumepata barua," Werema alisema.

"Eeh. Nilimwambia Austine awaelezee polepole. Hakueleza?"

"Mzee, ulituambia tuitengeneze tukae kama kwetu. Tumeitengeneza."

"Na mmekaa," Mosoti alisema. "Miaka minne. Kwa kodi ambayo hapo Oruba hupati hata chumba kimoja sasa. Nimewapandishia hata mara moja?"

"Hapana."

"Basi sijawakosea. Lakini angalieni upande wangu. Kuna daktari amehamishiwa Migori, anataka nyumba nzuri, na yangu imekuwa nzuri. Ingekuwa mbaya angeiangalia?"

Werema alizungusha chupa ya soda mikononi. Alikuwa mtu wa kuinua geti la chuma peke yake, lakini maneno yalimshinda mbele ya mtu aliyemnunulia soda.

"Turudishie basi vitu tulivyoweka," Edith alisema. "Hata nusu. Madirisha. Dari. Gata."

"Mwalimu, kitu kikishagongwa msumari kwenye nyumba kinakuwa cha nyumba. Hiyo si mimi nimesema, ni sheria. Ukitoa dirisha utakuwa umenibomolea." Alisema bila ukali, kama anayemweleza mtoto hesabu. "Lakini mimi siwatupi. Mnadhani nawatupa? Nina nyumba Rongo, karibu na barabara. Imeharibika kidogo. Ningempa mtu yeyote, lakini nimewawekea nyinyi, kwa sababu mna mkono. Kila mahali mnakaa panapona."

Edith aliiweka soda chini. Kuna jambo lilikuwa limemjia, na alitaka kulijua hata kama halitamsaidia.

"Mzee, tulipoingia Oruba tulikuta ngazi za mawe na shimo la choo limechimbwa vizuri. Nani alifanya?"

"Ah, Javan." Uso wa mzee ulichangamka. "Javan alikuwa mtu wa mawe. Yeye na bibi yake. Nilimtoa Oruba nikampeleka Kendu Bay, akanitengenezea pale mpaka watu wanasimama kuangalia."

"Bado yuko huko?"

"Alitoka. Nilipata mtu wa kuifanya gesti." Akamtazama kwa utulivu. "Watu wanakuja na kwenda, mwalimu. Nyumba inabaki."

Walikwenda ufuoni, kwenye kile kibanda walichokizoea, wakaagiza ngege mmoja. Mama wa pale aliwauliza mbona wamekuja Jumamosi, na Edith akamjibu kwa Dholuo kwamba kesho wana kazi. Samaki akaja, mkia umeinama nje ya sahani. Werema alikula upande mmoja na kusahau kumgeuza.

"Nikifika nyumbani nachukua nyundo," alisema. "Taili moja haibaki. Grili nakata na mashine yangu mwenyewe."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Austine anapiga simu, polisi wanakuja, unalala ndani. Daktari anahamia hivyohivyo. Mosoti ana duka zima la taili."

Werema aligeukia ziwa. Maji yalikuwa yamejaa magugu mpaka kwenye mashua, kijani kitupu, ungedhani unaweza kutembea juu yake.

"Niliipenda ile samawati," Edith alisema, na hapo tu ndipo alipolia, kidogo, akijifuta kwa mkono usio na mafuta.

Rongo ilikuwa njiani. Hakuna aliyesema wasimame, lakini walipofika pale Mosoti alipowaelekeza, baada ya kinu cha kusagia unga, Werema alipunguza mwendo, akaingia.

Ufunguo haukuhitajika kwa kuwa mlango haukuwepo. Paa lilikuwa na kutu, na upande mmoja bati lilikuwa limeinuka ukaona mbingu. Ndani kulinuka mbuzi. Kuta zilikuwa imara, hata hivyo. Werema alizigonga kwa ngumi, moja baada ya nyingine, akisikiliza.

Edith alirudi nje, akampigia Mosoti simu.

"Tumefika Rongo," alisema. "Mzee, tukiichukua hii, utatuandikia? Karatasi, miaka kumi, na sahihi yako, mbele ya wakili."

"Mwalimu, kwani hatuaminiani?"

"Miaka mitano basi."

Mzee alicheka, kicheko chema kabisa. "Mimi sijawahi kumwandikia mpangaji karatasi, na hakuna aliyelala nje. Mimi natoa kwa roho. Lakini usijilazimishe. Kuna vijana wawili wamefunga ndoa juzi, wameniuliza hiyo nyumba mara mbili wiki hii. Niambie tu mapema."

Edith alikata simu kabla mzee hajamaliza kumtumia Werema salamu. Alisimama pale uani kati ya magugu, akazipitia kichwani nyumba walizoulizia mwaka jana, walipotaka tu kujua bei: chumba kimoja nyuma ya baa, viwili bila maji, kimoja ambacho mwenyewe alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mshahara wake wa mkataba haukuwa umeingia tangu mwezi wa pili. Akawafikiria wale maarusi wawili wasiowajua, na Javan, na bibi yake Javan ambaye hata jina lake mzee hakulitaja.

Akaingia ndani.

Werema alikuwa amesimama kwenye chumba cha mbele. Alikuwa ameng'oa misumari iliyopinda kwenye fremu ya mlango, akaipanga kwenye ukingo wa dirisha, na sasa alikuwa amevuta tepu yake ya kupimia na kuibandika ukutani kwa kidole gumba.

"Huu ukuta ni wa mawe ya machimbo," alisema bila kugeuka. "Ukitoboa dirisha hapa, jua la asubuhi linaingia mpaka jikoni."

"Amekataa kuandika."

Mkono wake ulibaki palepale.

"Hata mitano?"

"Hata mitano. Amesema kuna wengine wanaitaka. Maarusi."

Barabarani lori la miwa lilipita, na vumbi likaingia kwa pale palipokuwa mlango, likatua juu ya misumari. Werema aliangalia ukuta. Edith alimjua, alijua kwamba hakuwa akiona ukuta bali dirisha. Na kilichomuumiza ni kwamba yeye pia, tangu alipovuka kizingiti, alikuwa amekwisha kuona mahali pa rafu, na mahali pa sukuma nje, na rangi ambayo ingekifaa chumba kile.

"Tuondoke, Werema," alisema.

"Ndiyo," alisema. "Tunaondoka."

Lakini hakuondoka. Tepu ilikuwa ikimteleza upande wa pili, ikijikunja na kuanguka kila alipojaribu kufika kona. Akajaribu mara ya pili, ya tatu. Hakumwomba msaada.

Edith alivua kibeti begani, akakiweka sakafuni kwenye udongo, akaenda hadi kona na kuishika ncha ya tepu.

"Ngapi?" aliuliza.