Usingizi wa Wageni

Kabla vita havijamfukuza kutoka Rutshuru, Ntirenganya aliitwa Professeur. Kila Jumapili alasiri alisimama katika ukumbi mmoja wa mji wa Kiwanja, amevaa koti linalometameta, akawalaza vijana kwa sauti yake na kuwaamuru wabembeleze ufagio kama bibi arusi. Watu walicheka hadi machozi. Mwenyewe alijua kwamba nusu ya vijana wale walijifanya tu, kwa sababu walipenda kutazamwa. Nusu nyingine hakuielewa, wala hakujisumbua kuielewa.

Mabomu yalipomsukuma hadi kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, koti lilipotea njiani, sauti akabaki nayo. Shirika moja lilikuwa na daktari, Louise, aliyewatibu kwa ipnozi, yaani usingizi unaoletwa kwa maneno, watu walioumizwa roho na vita, lakini hakujua Kiswahili. Ntirenganya akaandikwa kazi ya kuwa mdomo wake. Louise alimweleza kwa subira kwamba jukwaani unamnyang'anya mtu hiari yake ili wengine wafurahi, ila hemani unamrudishia ili yeye apone. Ntirenganya aliitikia kwa kichwa. Moyoni aliona tofauti ni ile kadi ya plastiki aliyovikwa shingoni.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa Mama Mukabalisa, mkulima wa maharage, ambaye tangu akimbie alishtuka kila upepo ulipopiga turubai. Ntirenganya alimwambia afumbe macho, apumue polepole, arudi kwa mawazo shambani kwake mvua inapoanza. Mabega ya mama yalishuka, machozi yakamtoka, kisha akatulia kama mtoto aliyeshiba. Hakuna aliyepiga makofi. Kwa msanii ukimya ni aibu, na Ntirenganya alikaa pale mpaka mama alipofumbua macho.

Wiki ya tatu Mama Mukabalisa alianza kulala hadi asubuhi. Ndipo Papa Adalbert, mkurugenzi wa shirika, alipotangaza kwamba wafadhili wanakuja kujionea matokeo. Louise alipinga, akasema matibabu si mchezo wa kutazamwa. Adalbert akamjibu kwamba matokeo yasiyopigwa picha hayaingii kwenye ripoti, na yasiyoingia kwenye ripoti hayajatokea.

Siku ilipofika viti vilipangwa, hotuba tatu zikasomwa, Mama Mukabalisa akaketishwa mbele ya kamera. Ntirenganya akashusha sauti. Mama alifumba macho, akayafumbua tena.

"Papa Ntirenganya," alisema bila hasira, "mimi nilikuyaka kwako kutafuta usingizi yangu. Hii ya leo ni ya bageni. Mutafute mutu mwingine wa kuilala."

Akakaza kitenge chake, akaenda zake. Wageni wakangoja tafsiri.

Ntirenganya alishikwa na haya ambayo jukwaani hakuwahi kuionja. Kisha akamgeukia mkurugenzi kwa heshima zote, akasema mgonjwa amechoka, lakini Papa Adalbert mwenyewe anaweza kuwaonyesha wageni jinsi kazi inavyofanyika. Mbele ya kamera Adalbert hangeweza kukataa. Na tuseme ukweli, hakutaka kukataa. Dakika tano hazikuisha, alikuwa amepanda juu ya kiti, mikono imekuwa mabawa, anawika kama jogoo.

Wageni hawakucheka. Waliandika. Aliyecheka ni Louise peke yake, nyuma ya hema, kitambaa mdomoni.

Ripoti ya wafadhili ilipotoka haikumtaja mkurugenzi; ilisema kwamba mgonjwa mmoja, mwanaume wa makamo, aliufungulia uchungu wake mbele ya wote, na ikaomba mbinu hiyo ipelekwe katika kambi nyingine. Adalbert, aliyekuwa ameshaandika barua ya kumfukuza Ntirenganya, aliisoma mara mbili, akachana barua yake, akamfanya mkuu wa kitengo.

Cheo hakikumpa Ntirenganya raha. Alikwenda kwa Mama Mukabalisa, akamkuta akichagua mawe kwenye mchele, akamwomba radhi. Mama, bila kuacha kuchagua, akasema atarudi, kama hakutakuwa na mtu wa kuwaangalia.

Kesho yake alikuja na jirani yake, Sidonie, ambaye naye usingizi ulikuwa umemkimbia. Mpiga picha wa shirika alikuwa ameshasimama mlangoni. Ntirenganya alimwomba aende, akangoja mpaka alipoondoka kweli, ndipo akawakaribisha.