Programu Saba za Baba Pacha

Daktari alipowaambia kwamba uvimbe wa shingoni lazima ukatwe, Mama Pacha aliuliza atalazwa siku ngapi. Mumewe aliuliza kuhusu sauti. Daktari hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alichora shingo kwenye karatasi, akachora uvimbe, kisha akapitisha mstari mwembamba kandoni mwake. Huu ndio mshipa unaoendesha sauti, alisema, na uvimbe umeukumbatia. Tutajitahidi tusiuguse, ila sitaki kuwadanganya: sauti yaweza kurudi, yaweza kurudi nusu, yaweza isirudi. Operesheni ikapangwa Jumatatu, siku kumi na mbili mbele.

Kwa miaka thelathini na moja Baba Pacha alikuwa amepiga gitaa la besi katika kumbi za harusi na mahoteli, amesimama nyuma ya waimbaji wa kila namna, wenye sauti na wenye mavazi tu, na hakuna aliyewahi kumsisimua kama mwanamke aliyekuwa nyumbani akipiga pasi. Mama Pacha hakupanda jukwaani hata siku moja. Alikuwa na wimbo mmoja tu wa kwake, aliutunga pacha walipokuwa wachanga na wamekataa katakata kulala, na tangu hapo mumewe alikuwa akisema ipo siku nitaurekodi. Sasa siku zenyewe zilikuwa kumi na mbili, na mtu mwenye akili timamu angeanza kesho yake asubuhi.

Kesho yake asubuhi Baba Pacha alianza kuchagua programu.

Vifaa vingine alikuwa navyo. Chumba cha pacha, ambao siku hizi wana nyumba zao, alikigeuza studio zamani: godoro limesimamishwa ukutani, blanketi limetundikwa dirishani, maikrofoni nzuri aliyozawadiwa na bendi alipostaafu, na kompyuta ya mkononi ambayo betri yake ilishakufa, inayoishi kwa waya wa umeme. Kilichokosekana ni programu ya kurekodia, na hapo ndipo mzee wa watu alipopotelea. Aliingia mtandaoni akakuta watu wanagombana. Mmoja anaapa kwamba hii ndiyo yenye sauti nzito. Wa pili anamjibu kwamba hana masikio. Wa tatu ametengeneza video ya dakika arobaini kuonyesha tofauti ambayo hata popo asingeisikia. Baba Pacha alizitazama zote mpaka mwisho, hedifoni masikioni, chai inapoa pembeni.

Akashusha programu saba, zote matoleo ya majaribio, akatafuta daftari la miraba na kuipa kila moja ukurasa wake. Majina yao ya kigeni yalimshinda kuyashika, kwa hiyo akazibatiza kwa sura zao. Bluu ilikuwa ya bure, lakini sauti ilichelewa kurudi masikioni. Ukihesabu moja, unaisikia ukiwa umeshafika mbili. Kijivu ilikuwa nyepesi ila ilipachika mlio kila baada ya dakika moja, na mlio hauondoki mpaka uilipie. Nyingine iligoma kabisa kuitambua maikrofoni. Pundamilia, yenye mistari myeusi na myeupe, ilimteka moyo. Aliingiza gitaa lake humo na besi ikatoka na mwili wake wote. Aliandika kurasa mbili juu yake, akapigia mistari alipoona panahitaji, kisha akafungua ukurasa mpya kuzilinganisha zote saba upya.

Siku zikawa zinakwenda hivyo. Mkwe wake, mke wa pacha mmoja, ambaye kazi yake ni kuhariri video za harusi, alipiga simu akamwambia kwa adabu kwamba wimbo mmoja wa mtu mmoja hauhitaji mtambo wa kuendeshea meli, programu yoyote itatosha. Akajitolea kuja na kompyuta yake, warekodi kwa saa moja wamalize. Baba Pacha alimshukuru, akamwambia asijisumbue. Yaani yeye, na miaka yake yote katika muziki, mkewe aje kurekodiwa na binti ambaye juzijuzi tu alikuwa anamuuliza hiyo besi ina kazi gani? Hilo lilikataa kushuka kooni.

Lakini kulikuwa na sababu nyingine, nayo hakumwambia mtu. Aliogopa. Aliona kwamba siku atakayobonyeza kitufe cha kurekodi ndiyo siku atakayokuwa amekubali kwamba sauti ile inakwenda. Alimradi bado anachagua, Jumatatu ilikuwa mbali. Kwa hiyo alichagua asubuhi, akachagua mchana, na katikati aliinua hedifoni sikio moja kumsikiliza mkewe anavyoongea na jirani nje. Je, imekwaruza kuliko jana? Ni mafua au ni ule uvimbe? Kila mara alirudi kwenye daftari lake.

Mama Pacha alikuwa akifungasha mfuko wa hospitali kidogokidogo. Alikuwa akipita mlangoni anauliza kama tayari, anajibiwa bado kidogo, anakwenda zake. Alhamisi hakupita. Alisimama.

"Baba Pacha," alisema, "mimi Jumapili asubuhi naingia hospitali. Wewe endelea kuchagua."

Akaondoka kwenda kuanua nguo. Baba Pacha alihisi uso unawaka, akamfuata uani na kumwahidi Jumamosi saa tisa, iwe isiwe.

Jumamosi ilipofika alizima friji ya jikoni kwa sababu ya ngurumo yake. Alivuka njia kumwomba fundi wa kuchomelea vyuma apumzike japo saa moja, na fundi, aliyezijua habari za mgonjwa, alivua kinyago chake na kukaa juu ya ndoo bila kudai chochote. Baba Pacha alirudi, akafungua programu tatu, akafunga mbili, akazifungua tena. Viganja vilikuwa vimelowa mpaka kipanya kinateleza. Mkewe alikuwa ameshakaa kwenye kigoda mbele ya maikrofoni, anamtazama tu. Mwishowe akasema moyoni liwalo na liwe, akabaki na Pundamilia, kwa ajili ya ule mwili.

Mtandio aliozoea kufichia uvimbe ulikuwa unasugua maikrofoni, kwa hiyo Mama Pacha aliuvua akaubwaga chini. Mara ya kwanza alikatishwa na kikohozi kwenye ubeti wa pili. Mara ya pili aliuimba wimbo wote. Aliuimba taratibu kuliko zamani, akivuta pumzi mahali ambapo hakuwa akivuta, na penye kupanda alipanda. Baba Pacha alikuwa akiitazama ile mistari ya sauti ikijichora kwenye kioo na machozi yanamtoka waziwazi. Ulipokwisha, Mama Pacha alijaribu kusema kitu kikatoka kikwaruzo. Akaonyesha kwa mkono kwamba basi, hana zaidi, akaenda kujilaza.

Baba Pacha alibonyeza kuhifadhi. Kikatokea kisanduku kidogo: toleo la majaribio haliruhusu kuhifadhi, tafadhali ingiza namba ya leseni.

Si neno, alijiambia, nitailipia. Akalipa kwa simu, namba ikaja, akaiandika mara mbili kwa kukosea, mara ya tatu ikakubali. Kisanduku kingine kikamshukuru. Kikasema kwamba ili kukamilisha usajili programu itafungwa na kufunguliwa upya, na kazi yoyote ambayo haijahifadhiwa itapotea. Chini yake palikuwa na vitufe viwili, sasa na baadaye.

Alibonyeza baadaye kwa uangalifu wa mtu anayeshika yai. Akajaribu tena kuhifadhi. Kisanduku cha kwanza kikarudi vilevile.

Alivuta daftari. Ukurasa wa Pundamilia, mstari wa nne, kwa mwandiko wake mwenyewe na umepigiwa mistari miwili: haihifadhi kabla ya leseni, leseni kwanza. Alikuwa ameijua tangu wiki iliyopita. Katika watu wote waliowahi kuipakua ile programu, labda hakuna aliyeisoma kwa makini kama yeye, na ndiye aliyeingia mle mzimamzima. Alitamani kujipiga kofi, lakini mkono mmoja ulikuwa kwenye kipanya, anakisukuma kila baada ya sekunde chache ili kompyuta isilale, na mwingine ulikuwa umeshikilia waya wa umeme uliozoea kuchomoka. Ng'ambo ya njia fundi alikuwa ameshamaliza saa yake. Mashine ya kuchomelea ilinguruma na taa ya chumbani ikafifia, ikarudi.

Akaibana simu kwa bega akampigia mkwe wake. Alieleza kwa kunong'ona, kwa kurukaruka, na mkwe, Mungu amjalie, hakucheka wala hakusema si nilikwambia.

"Baba, usifunge kitu chochote," alisema. "Ukiicheza, inasikika?"

"Inasikika."

"Basi weka spika. Iache iimbe, uirekodi kwa simu. Haitakuwa safi, lakini itakuwepo."

Haitakuwa safi. Siku kumi za kutafuta usafi, na sasa anaomba tu iwepo. Isitoshe, mikono yake ilikuwa na kazi na simu ilihitaji mtu wa kuishika. Ikambidi amwite mkewe, naye akaja amejifunga khanga, macho yana usingizi. Baba Pacha alimwambia yote bila kujitetea: kwamba alijua, aliandika, akasahau, na kwamba wimbo upo mle ndani na unaweza kuondoka wakati wowote. Alisubiri agombezwe. Mama Pacha akachukua simu, akakaa kwenye kitanda cha zamani cha pacha karibu na spika, simu ameipakata.

Wimbo ukaanza. Chumba kikajaa sauti yake, kubwa kuliko yeye mwenyewe aliyekaa pale. Baba Pacha alisimama katikati ya chumba, ameinama upande, mkono mmoja kwenye kipanya na mwingine kwenye waya, amebana pumzi, jasho linamchuruzika puani. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Kwenye ubeti wa tatu, penye kupanda, Mama Pacha akafungua kinywa.

"Baba Pacha, mbona umesimama hivyo kama fundi bomba? Kaa chini, mume wangu. Utaanguka hapo, nani atanipeleka hospitali?"

Sauti ilikuwa imemrudia kidogo kwa kule kujilaza, nzito, yenye mikwaruzo, lakini yake. Naye Baba Pacha alishindwa kuinua hata kidole cha kumnyamazisha, mikono yote miwili imefungwa kazini. Alikaa ukingoni mwa kitanda hivyohivyo, amenyoosha mikono, na hasira zimempanda mpaka masikioni. Ameuharibu. Wimbo mmoja duniani, na ameukata katikati kwa mambo ya kukaa na kusimama. Ulipofika mwisho alisema waanze tena upesi. Kabla hajagusa kitu, taa ilififia kwa mara nyingine, na safari hii haikurudi. Kioo cha kompyuta kikawa cheusi.

Jumatatu operesheni ilikwenda vizuri. Hivyo ndivyo daktari alivyosema, na kwa upande wa uvimbe alisema kweli. Mshipa wa sauti ulikuwa umesagika kabla hata hajaufikia. Mama Pacha alirudi nyumbani na kovu jekundu shingoni na mnong'ono, upepo mtupu wenye maneno ndani yake. Jikoni alijizoeza kugonga sufuria kwa mwiko akitaka kuitikiwa. Wiki zikapita, mnong'ono ukabaki mnong'ono.

Wiki ya sita mkwe alikuja na ile rekodi ya simu, ameisafisha kadiri alivyoweza. Ngurumo ya mashine ameipunguza, mwangwi wa chumba ameupunguza. Alieleza, akimtazama baba mkwe wake kwa wasiwasi, kwamba yale maneno kwenye ubeti wa tatu yameshikana na wimbo. Akiyatoa, wimbo unatoboka. Kama wanataka, atajaribu kuyafifiza tu. Baba Pacha alisema ndiyo, ayafifize, lakini kwanza mwenye sauti asikie. Maana kwa wiki sita alikuwa hajathubutu kumchezea mkewe rekodi ile.

Wakasikiliza wote watatu katika chumba cha pacha. Mama Pacha alikaa kwenye kigoda, kiganja juu ya kovu, macho sakafuni. Baba Pacha alisimama karibu na kompyuta, hatazami mtu. Wimbo ukapita wote na maneno yake ndani, ukaisha. Mkwe akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Mama Pacha akainua kidole na kukizungusha hewani. Rudisha. Mumewe akarudisha mwanzo, akasogeza mkono kuicheza, lakini mkewe alikuwa anatikisa kichwa. Akamwashiria ainame, akamnong'oneza sikioni.

"Si wimbo. Pale nilipokugombeza."

Ilimchukua muda kupapata, kwa sababu alikuwa haoni vizuri. Akapacheza. Mbona umesimama hivyo kama fundi bomba, ilisema ile sauti, kubwa, imejaa, na Mama Pacha akafumba macho akaisikiliza mwenyewe anavyoongea. Akazungusha tena kidole. Mumewe alirudisha mara tatu, na mara zote tatu, alipoambiwa akae chini, alikaa.