Kitanda cha Koleo

Bi Sindano alikuwa na kitendawili kimoja alichomtegea kila mgeni aliyeketi sebuleni kwake. Tumbo lake limejaa maji lakini hanywi, shingo yake ndefu lakini hamezi, na ukimbusu anabwabwaja. Wengi walisema mtungi. Mmoja alisema bata, akashikilia hapohapo mpaka chai ikapoa. Mumewe na mdogo wake wa kiume hawakujibu kamwe. Walicheka tu, macho yao kwenye kigoda cha pembeni, maana jibu lilikuwa limekaa pale linawasikiliza. Ilikuwa shisha yao, ambayo mama mzazi wa Bi Sindano, mpaka anaingia kaburini, aliiita buruma.

Waliinunua pamoja ujanani. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na watu walimwita Breki kwa sababu alikanyaga breki hata akiona kivuli cha mbuzi. Mdogo wake Bi Sindano aliitwa Spana. Yeye ndiye aliyelala chini ya lori hilo na mafuta usoni kila lilipogoma. Shemeji hawa wawili walizeeka, lori likauzwa, shisha ikabaki, na ikawa na kwao kuwili kama mke wa pili: mwezi mmoja kwa Breki, mwezi mmoja kwa Spana, ghorofa ya tatu, upande wa pili wa mji. Ilisafiri ndani ya shuka kuukuu, imefungwa fundo juu kama mzigo wa dobi.

Sasa ilikuwa wiki ya tatu Spana hajakanyaga kwa dada yake. Safari ya mwisho shuka ilifunguliwa huko ghorofani, likaonekana bori limepasuka vipande vitatu. Bori ni kile kikombe cha udongo cha juu kabisa, kinachobeba tumbaku na mkaa, na hilo lilikuwa limekolea moshi wa miaka thelathini. Spana alisema limetoka limevunjika kwa Breki. Breki alisema Spana kaligonga kwenye ngazi, kwa kuwa tangu zamani mikono yake ilikuwa mizuri kwa chuma tu. Maneno yakazaa maneno. Spana aliirudisha shisha siku ileile, akaiacha mlangoni, hata salamu hakuacha. Breki alinunua bori jipya, akaapa kwamba shisha haitoki tena bila sanduku la maana, kama yale ya dukani, na anunue aliyevunja. Lakini sanduku la dukani bei yake ilitosha shisha ya pili na mkaa wa mwaka mzima, na Spana alituma jibu kwamba hajengi nyumba ya kitu alichovunja mwingine.

Kwa hiyo kila Alhamisi mchana Bi Sindano alipika kama kawaida, akatenga sahani tatu, akairudisha moja kabatini. Breki alianza kuweka magazeti kwenye kiti cha Spana. Mwanzoni lilikuwa gazeti moja. Wiki ya tatu yalikuwa yamefika kwenye mkono wa kiti, na Bi Sindano, aliyeshona na kuvika makochi maisha yake yote, alijua kwamba kiti kikishazoea mzigo, mtu hapati tena pa kukaa.

"Leo nalijenga hilo sanduku," akamwambia mumewe asubuhi. "Na silipi hata senti."

Breki alimwambia akili ya makochi na akili ya vyombo vya kioo ni vitu viwili. Yeye akamwambia ateremshe sanduku lake la safari juu ya kabati, kisha akae mbali.

Lilikuwa sanduku gumu la zamani, kufuli moja zima, lingine limekufa, mpini umeng'oka siku nyingi. Ndani lilinuka dizeli na sabuni. Bi Sindano akalifuta, akaleta gunia lake la mabaki ya sponji, maana fundi wa makochi hatupi sponji, kama vile mwokaji hatupi chachu. Akabandika vipande kwa gundi mpaka sanduku likajaa. Ndipo akatandika vyombo juu: chupa ya kioo ya chini, bomba refu la shaba, sahani ndogo ya majivu, bori, mpira wa kuvutia.

Bomba lilikuwa refu kuliko sanduku. Breki, ambaye alikuwa amekaa mbali kiasi cha hatua mbili, akakohoa kikohozi cha mtu aliyeshinda. Bi Sindano akaligeuza bomba kimshazari, kutoka pembe hadi pembe, likaingia kama limezaliwa humo. Kikohozi kikapona.

Kisha akafanya kama anavyofanya kwenye mito yenye maua. Alichukua chekecheo na unga, akaunyunyiza juu ya kila kitu, halafu akakiinua chombo kimojakimoja. Kila kilipoinuka kiliacha kivuli chake pale chini, sponji tupu katikati ya weupe. Akakata kwa kufuata vivuli, kwa kisu cha mkate, polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Mashimo akayavika mahameli nyekundu iliyobaki kwenye kochi la bibi harusi mmoja. Mpini akautengeneza kwa mkanda wa kiti cha gari, akaupiga mishono minne kila upande, ukawa wa kubeba hata ng'ombe.

Kila chombo kikalala kitandani kwake. Likabaki koleo la chuma la kushikia mkaa. Bi Sindano akalichukua akaliweka kandokando ya bori, mahali pake siku zote.

Mkono ukagoma kuliachia.

Siku zote. Nani aliyeifunga shuka ile? Yeye. Breki aliupokea mzigo ukiwa na fundo, Spana akaupokea kwa Breki. Na safari ile ya mwisho yeye Bi Sindano, ili koleo lisipotee njiani, alilisokomeza ndani ya bori, akakaza fundo kwa goti. Chuma ndani ya udongo, na goti la mwanamke mzito juu yake.

Akaketi kwenye kigoda. Alijua kunyamaza kungetosha. Sanduku limekwisha, wazee watapatana, yaliyopita si ndwele. Lakini alijua pia kwamba Breki angekufa akiamini Spana ndiye, na Spana angekufa akiamini Breki ndiye, na kila bori litakapowashwa, lile la zamani lingekuwa limekaa katikati yao. Akainuka. Akalikatia koleo kitanda chake kwenye kifuniko, upande ulio mbali kabisa na bori, akalifunga kwa utepe.

Breki alilikagua sanduku kama anakagua lori kabla ya safari, akafungua, akafunga, akabonyeza sponji kwa kidole. Mwisho akasema shisha imepata godoro kushinda lake. Kwenda ghorofani alikataa, mpaka mkewe alipojishika goti lake bovu na kumkumbusha ngazi zilivyo nyingi. Basi akabeba.

Spana alifungua mlango, akamwona shemeji yake, akataka kuufunga, akamwona dada yake nyuma kidatoni anahema. Akanyoosha mkono kulipokea sanduku. Breki hakuachia, alikuwa anasubiri shikamoo yake ya shemeji mkubwa. Spana hakusalimu, alikuwa anasubiri mzigo. Huyu akavuta, yule akavuta, na mkanda wa gari, kwa kuwa ni laini, ukateleza mikononi mwa wote wawili.

Sanduku likashuka ngazi. Bi Sindano alijibana ukutani, likampita likipiga vidato kimoja kimoja, likapinduka kwenye kona, likaenda kujigonga kwenye ukuta wa chini kwa mshindo uliofungua milango miwili ya majirani.

Wazee wakateremka. Spana alipiga magoti, akafungua kufuli. Chupa ilikuwa imelala. Bori lilikuwa limelala. Hata unga uliobaki kwenye shingo ya chupa haukuwa umetawanyika.

"Wewe ndiye uliyeachia," Breki akaanza.

"Kitendawili," akasema Bi Sindano kutoka juu.

"Tega," wakajibu wote wawili. Lilikuwa neno lao la kwanza la pamoja kwa wiki tatu.

"Wawili wanagombana nani kamwaga uji. Aliyeumwaga yuko jikoni anakoroga mwingine."

Breki alisema paka. Spana alikuwa anatazama kifuniko, akagusa utepe, akatazama bori lilivyo mbali.

"Dada, koleo mbona umelitenga?"

"Kwa sababu mara ya mwisho nililisokomeza ndani ya bori. Mimi, kwa mikono hii. Na goti nikaweka."

Wazee hawakumtazama yeye, walitazamana.

"Wiki tatu, shemeji," akasema Breki.

"Na Alhamisi tatu," akasema Spana. "Nimekula mayai Alhamisi tatu. Shikamoo, lakini."

"Marahaba. Na huyu ananiangalia tu naweka magazeti kitini kwako."

"Kwenye kiti changu?"

Ndipo walipomgeukia, bega kwa bega, wakapokezana kama enzi za lori. Huyu alisema faini, yule akasema faini nzito. Waliafikiana kwamba atakishonea kiti cha Spana mto mpya, wa mahameli, kwa kuwa haiwezekani koleo lilale pazuri kuliko mtu mzima. Bi Sindano aliinamisha kichwa kama mshitakiwa, apate kuficha meno.

Wakapandisha sanduku wakiwa wamelishika wote wawili, wakigombana nani apite kwanza kwenye kona. Yeye hakupanda nao. Goti lilikuwa linauma, na mahameli iliyobaki, akikumbuka vizuri, ilikuwa pungufu ya mto kwa kiganja kimoja.