Fundo la Nyapara Were

Mama aliambiwa kwamba Nashon alijiua kwa uvivu. Eti ndugu yangu, mpakizi wa lori katika yadi ya mbao, alifunga mzigo ovyo, mbao zikaporomoka kwenye kona ya Parklands na kumfunika. Aliyeyasema hayo ni nyapara Were, kofia mkononi, nyumbani kwetu Kawangware. Kwa aibu mama akaacha hata kwenda kanisani. Mimi nilibaki na kipande cha kamba kilichokatwa pale ajalini, fundo lake bado limo.

Nikaomba kazi yadi ile ile ya mbao, Grogan Road, mwaka wa sabini. Were akaniandika, mpumbavu yule, akidhani njaa ndiyo imenileta.

Mzee Jabir, ambaye siku ya ajali alikuwa Mombasa kwa Idi, ndiye aliyenifundisha. "Mwanangu Sifuna, lori hili halina kuta za pembeni. Weka kabari kwanza. Gunia chini ya mnyororo. Kamba ikaze mpaka ukiipiga ilie." Na sheria ya yadi: aliyefunga ndiye hupanda juu ya mzigo. Hapo mtu hujifunza kukaza, wallahi!

Siku moja nikamwonyesha fundo langu. Akaligeuza, akakunja uso. "Hili kafunga mtu wa mkono wa kushoto."

Yadi nzima ilikuwa na mashoto mmoja tu, Were. Nikairudisha kamba mfukoni.

Jumamosi, mbao za kwenda Loresho zimeshapangwa na tajiri mwenye yadi amesimama mlangoni, nikapaza sauti: "Wanasema nyapara wetu hajui kufunga!"

Wapakizi wakacheka. Were akaninyang'anya kamba. "Toka hapa! Nilikuwa nafunga kabla hujazaliwa." Akafunga haraka haraka, bila kabari, bila mnyororo. Nikatoa kipande changu nikakiweka kando ya fundo lake. Pacha kabisa! Hakuna aliyecheka tena.

"Haya, panda," nikamwambia. "Sheria ni ile ile."

Akatazama mbao, akatazama kamba. "Sifuna, hii haitashika."

"Na Nashon ulimwambia hivyo?"

"Tulikuwa tumechelewa," akasema chini chini. "Nikafunga mwenyewe, nikamwambia apande tu."

Nikamkamata ukosi. Tajiri hakunizuia, wala Jabir. Nilimtembeza kwa miguu kutoka mjini mpaka Kawangware, jua la saa saba, kofia hana. Kila alipotaka kupumzika nilimsukuma, na sikumwonea huruma hata kidogo.

Mama alikuwa mlangoni akichambua maharagwe.

"Rudia," nikamwambia Were. "Yote. Na kwa sauti, majirani wasikie."