Wote Wamejiondoa kwa Mama Katee

"Na hiyo gari yako, Mama Katee, huwa inakunywa uji?"

Namunyak alikuwa amepanda juu ya jiwe upande wake wa ua ili uso wote uonekane, maana tusi la nusu uso halinogi. Upande wa pili Kaluki, mama yake Katee, alisimama na mwiko mkononi. Nyuma yake sufuria ya muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe ya Kikamba, ilikuwa inatokota tangu alfajiri. Akajibu kwamba gari ni jambo moja, na kununua hisa za kituo cha petroli ni jambo lingine.

Mtaa wote hapo Kitengela, pamoja na kuku, ulijua chanzo. Chama cha akina mama kilikuwa kipige kura siku hiyo, kama kitaweka akiba yake kwenye kituo cha petroli ambacho Lemein, shemeji ya Namunyak, anajenga Isinya. Zamu ya kukaribisha chama ilikuwa ya Kaluki. Na Kaluki, Mungu ampe maisha marefu, ndiye mtu wa pekee mtaani anayelipwa mshahara kuwaambia watu wasiweke pesa kwenye mafuta.

Ndiyo kazi yake. Kila asubuhi huvaa suti, huendesha hilo gari lisilokunywa uji mpaka Nairobi, akawabembeleze wakubwa wa mifuko ya pensheni watoe pesa za wazee kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi, wazipeleke kwenye umeme wa jua na upepo. Wakubwa humpa chai, husifu picha anazowaonyesha ukutani, kisha huacha pesa palepale. Ni kazi nzuri, haina hatari ya kuisha.

Namunyak akashusha sauti, na hapo ndipo alipouma. "Ng'ombe zangu zilikufa na kiangazi. Ulikuja ukalia na mimi. Sasa nimepata kitu haitakufa mvua ikikosa, unaniambia niache?"

Kaluki alitaka kusema kwamba kiangazi hicho na petroli hiyo ni ndugu wa tumbo moja. Amelisema mbele ya maprofesa, tena kwa ufasaha. Mbele ya mwanamke aliyeburuta mizoga ya mifugo yake mwenyewe, akasema muthokoi unaungua, akaingia ndani.

Kosa alikuwa amelifanya kwenye kikao kilichopita. Alitaka wenzake waelewe kazi yake, akawafundisha. Si lazima upige kelele, aliwaambia. Unajiondoa, unatangaza mbele ya watu kwamba umejiondoa na kwa nini, wengine wanakufuata, na yule mwenye kampuni anabaki peke yake akitafakari. Wanawake walisikiliza wakijipepea kwa karatasi za rangi alizowagawia. Alidhani wamesinzia.

Mchana viti vya kukodi vikapangwa. Muthokoi ukaiva, ukatiwa mboga, ukafunikwa. Hakuna aliyebisha mlango. Kisha simu ikalia. Roda, katibu wa chama, alikuwa ameandika kwenye kikundi cha WhatsApp kwamba wanachama wamejiondoa katika nyumba ya Mama Katee kwa sababu ya msimamo wake, wanawahimiza wengine wafanye vivyo hivyo, na watafikiria kurudi akibadilika. Kikao kimehamia kwa Namunyak. Chini yake yakafuatana majibu: nimejiondoa, nimejiondoa. Hata Waruguru, aliyehamia Kimuka zamani na ambaye hakuwa na nia ya kuja, alijiondoa.

Kiema, mumewe Kaluki, alisoma akacheka mpaka akashika mlango. "Wale wakubwa wako bado hawajashika. Hawa wameshika siku moja."

Kaluki hakucheka. Alipojifungua Katee, ni wanawake hao waliomwogeshea mtoto na kumpikia uji mpaka akapata nguvu. Mama yake yuko mbali, Kitui. Bila wao, Kitengela ni vumbi na kodi ya nyumba. Akikubali petroli, nyumba itajaa jioni hiyo hiyo, lakini Jumatatu atawatazama vipi wale wakubwa? Akikataa, atakula muthokoi wa watu ishirini na Kiema.

Kelele za kicheko zikavuka ua. Akavua leso, akazunguka hadi lango la Namunyak.

Mlangoni Roda akawahi kumwambia kwamba kura imeshapigwa na petroli imepita.

"Sawa," Kaluki alisema. "Mimi sijabadilika. Fungu langu lisiingie kwa petroli, liwekeni kando. Lakini chama sitoki. Kila mwezi nitakuja, na kila mwezi nitawaambia mmekosea."

Roda akauliza hayo mafunzo yalikuwa ya nini, kama mwalimu mwenyewe hajui kujiondoa. Wengine wakaangua kicheko. Namunyak peke yake hakucheka.

"Kila mwezi?" akauliza.

"Kila mwezi."

"Hata nikiwa na wageni?"

"Hao ndio nitawaambia kwanza."

Namunyak akamsukuma Roda kando ili kochi lipate nafasi.

"Hiyo fungu itakaa kando. Wewe ingia ule, Mama Katee. Nyama inapoa."